Kichwa Kinachoanza kwa Kufumua

Ukiniwekea karatasi nyeupe na kuniambia nichore robe, gauni la mwanamke, nitakuchorea mlango. Sijui kwa nini mlango. Labda kwa sababu ndicho kitu ninachokitamani saa ile: kutoka nje.

Na bado mimi ni fundi wa kushona. Nina atelie ndogo hapa Kindu, kwenye barabara inayoteremka mtoni, pale watu wanaposhuka kutafuta pirogi, mitumbwi ya kuvukia kwenda Alunguli. Ndani kuna mashine za miguu, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na kioo chenye ufa ambacho wateja wanakilaumu kila robe ikiwabana. Tunafanya kazi wawili, mimi na mwenzangu mmoja ambaye tulisoma naye kozi ya ushonaji, baada ya mimi kuacha sekondari katikati.

Mwenzangu ni mtu wa chaki. Anafumba macho kidogo, anachora ubavu wa robe juu ya meza, anaufuta kwa kiwiko, anachora tena, halafu anakata moja kwa moja. Kwenye kozi walitufundisha hivyo: kwanza wazo, halafu karatasi, halafu kitambaa. Ni njia nzuri. Yeye ilimkaa sawa kama viatu vyake mwenyewe. Mimi niliivaa nikachechemea. Kwa miaka niliamini kwamba sina mawazo, nina mikono tu, na kwamba mawazo ni ya watu wenye kichwa kilichonyooka.

Mwaka jana, mvua zilipoanza kurudi, mama mudogo aliingia atelie akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Huyu ni mdogo wa mama yangu. Yeye ndiye aliyenishikisha sindano. Alikuwa fundi wakati mimi ninalia bado kwa ajili ya meno, lakini siku hizi macho yake hayaoni tena tundu la sindano, basi anakuja tu kukaa kwenye kiti cha wateja na kutucheka.

Siku ile hakukaa.

"Ninaolewa," akasema.

"Na nani?" nikauliza, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimemkuta mume wake akinunua mikate kwa jirani yetu.

"Na ule ule muzee wa nyumbani. Ulifikiri nimepata kijana?"

Mwenzangu aliangusha chaki kwa kucheka. Mama mudogo akaeleza. Yeye na mume wake wameishi pamoja tangu wakati wa vita, wamezaa, wamelea, lakini harusi yenyewe haikufanyika kamwe. Vita viliikuta njiani. Sasa watoto wao wamekua, wamekusanyika, wamesema wazazi wabarikiwe kanisani kabla ya Noeli. Wamenunua hata kitambaa cha danteli, lesi nyeupe. Aliitoa kwenye mfuko akaiweka juu ya meza yangu.

"Nataka robe. Lakini ile ya mu telefone sitaki. Mabibi-arusi wote siku hizi wanafanana kama chupa za bia. Nataka yenye muntu hajavaa bado hapa Kindu."

"Ntakutafutia, mama mudogo."

"Ukishindwa, uniambie mapema, mutoto wangu. Nitakodi ile nyeupe ya soko. Ile imeolewa kuliko wanawake wote wa muji."

Alisema kwa mzaha. Lakini kabla ya kutoka alipita mbele ya kioo, akasimama, akanyoosha shingo, akakunja ukosi wa blauzi yake ya libaya ndani kama mtu anayejaribu namna ya kuwa mwingine. Alidhani simwoni. Moyo wangu ukalainika kama ugali wa maji mengi. Nikajiapiza kwamba mwanamke huyu hatasimama mbele ya watu ndani ya robe ya kukodi. Kama kuna robe moja nitakayoweza kuibuni maishani, iwe hiyo.

Basi nikakaa na karatasi.

Nilichora mlango. Nilichora mlango na dirisha. Nilifumba macho kama mwenzangu, nikalala usingizi. Nilijaribu kwenda mtoni na kuyatazama maji, kwa sababu watu wanasema maji yanaleta mawazo. Mimi yaliniletea hamu ya samaki. Mwenzangu alinionea huruma, akanichorea yeye robe nzuri sana yenye mabega ya kupanda. Niliitazama nikaona ni nzuri, na nikaona kwamba ni yake, haimtazami mama mudogo hata kwa jicho moja. Siku zikaenda. Mama mudogo akawa anapita barabarani na kuchungulia.

"Imetoka?"

"Bado, mama mudogo."

"Soko haiko mbali," anasema, anaendelea na njia yake.

Mchana mmoja wa mvua mteja aliniletea suruali ya mume wake, akataka niigeuze sketi ya binti yao. Kazi ndogo. Nikakaa mlangoni, nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono wa mguu. Kata, ruka, kata, ruka, vuta uzi. Na pale pale, bila kuitwa, kichwa changu kikaamka. Nikaona kwamba mfuko wa nyuma unaweza kuwa pembe ya mbele. Nikaona kwamba mstari uliobaki mweusi chini ya pindo, mahali jua halikufika, unaweza kuwa mkanda. Mawazo yalikuja moja juu ya lingine kama watoto wanaokimbilia sahani, hata nikaogopa kuinua macho yasije yakatoroka.

Nikasimamisha wembe. Nilikuwa nimekutana na hali hii zamani. Niliijua hata harufu yake: majivu na mafuta ya mawese.

*

Vita vilipofika kwetu, treni ilinyamaza. Sisi watoto tulikuwa tumezoea kupima siku kwa ile honi, na ilipokosa kulia tulidhani tu kwamba imechelewa. Halafu chumvi ikachelewa, na sabuni, na uzi, na vikwembe, vile vitenge vya waksi. Hakuna kitu kipya kilichoingia mjini ila uvumi. Mama yangu alikuwa akilima mpunga ng'ambo ya mto na alirudi alipoweza. Mimi nilikaa na mama mudogo, aliyekuwa msichana bado, mchumba wa mtu, na fundi asiyekuwa na kitambaa.

Fundi asiye na kitambaa anafanya nini? Anageuza. Watu walileta nguo zilizochoka, zilizopauka kwa jua, nasi tulizifumua zote, tukageuza upande wa ndani kuja nje, tukazishona upya. Kikwembe cha waksi kina rangi pande zote mbili, basi upande uliokuwa ndani ulitoka umechangamka kama mtu aliyelala vizuri. Mwanamke aliingia na libaya la kizee na kutoka na jipya, na kwa siku moja vita vilikuwa mbali na ua wetu, lupango letu.

Kazi yangu ilikuwa kufumua. Mama mudogo alinipa nusu ya wembe iliyobanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, akanionyesha: huvuti kwa nguvu, kitambaa kitakulilia. Unakata uzi mmoja, unaruka michomo michache, unakata tena, halafu unavuta taratibu upande wa pili, uzi unakuja mrefu. Uzi ule tuliuzungushia gunzi la hindi, kwa sababu ndio huo huo tutakaoshonea kesho. Pembeni yangu sabuni ya majivu na mawese ilikuwa ikichemka kwenye sufuria. Mlango ulifungwa mchana kutwa kwa ajili ya askari waliopita barabarani, na mwanga wetu ulikuwa ule wa nyufa za mbao.

Hapo ndipo nilipoota ndoto zangu nzuri kuliko zote. Nguo ikifunguka, niliona jinsi ilivyokuwa, na jinsi ambavyo ingeweza kuwa. Nilikuwa nasema kwa sauti.

"Mama mudogo, hii mukono inaweza kuwa kola."

"Mukono ni mukono."

"Tukiigeuza. Angalia."

Anaangalia. Halafu anacheka mpaka anashika mbavu. "Weye, kichwa yako inatembeaka nyuma-nyuma! Wenzako wanajenga nyumba, weye unabomoa kwanza njo unaona mulango iko wapi." Na kola ile tukaishona kutokana na mkono.

Alisema kwa kunitania, nami nilikua nikidhani ni kilema kidogo, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Sikuelewa kwamba alikuwa ameniambia, wazi kabisa, namna ninavyofikiri.

Halafu mambo yakawa mabaya, tukakimbilia msituni upande wa Kailo. Sitaki kuusema sana ule msitu. Nitasema tu kwamba tuliporudi, nilikuwa nimevaa shati la mtu mzima lililokatwa mikono, limechanika mgongoni, na sikutaka kutoka nje. Watoto wengine walikuwa wamevaa magunia na walicheza. Mimi nilikuwa na aibu zangu, nilikaa nyuma ya mlango.

Mama mudogo aliondoka msituni na kitu kimoja tu alichoingia nacho. Alikuwa amekifunga tumboni chini ya nguo zake muda wote ule. Kilikuwa kikwembe cha kijani chenye ndege wekundu, kipande kimoja. Jioni ile mama yangu alinong'ona, "Usikiguse kile, ndugu yangu," naye akajibu, "Mutoto akae nyuma ya mulango mpaka lini?" Sikujua ni kikwembe cha nini. Nilijua tu kwamba kesho yake niliitwa, nikavalishwa robe.

Ilikuwa nzuri! Ilikuwa nzito pia, imejaa makunyanzi mbavuni, na pindo lake nene kama godoro. Nikatoka nje mbio. Lupango zima likanitazama, kisha likaanza kucheka, maana nilipogeuka waliona mgongo. Kila fundi anajua kwamba kikwembe chenye ndege kina juu yake na chini yake. Unakata begani, unageuza kipande cha nyuma, ndege wote wanatazama mbinguni. Kwangu, ndege wa kifuani walikuwa wanapanda, na wale wa mgongoni walikuwa vichwa chini.

"Mbele zinaruka, nyuma zinaanguka!" akapiga kelele jirani mmoja, na watoto wakaufanya kuwa wimbo.

"Nilishona mu giza," mama mudogo akasema, anacheka nao. "Munataka nini? Mulete taa."

Basi. Fundi bora wa mtaa alikosea kama mwanafunzi, kwa sababu ya mlango uliofungwa. Sikujali. Niliivaa robe ile mpaka ikawa ngozi yangu. Nilipokua, yeye mwenyewe aliteremsha pindo, akalegeza mbavu, tena na tena. Mimi niliyefumua nguo za mtaa mzima, hiyo tu alinikataza. "Hii usiguse. Hii ni yangu kufungua."

*

Yote hayo yalinirudia mlangoni pa atelie, na suruali ya mtu magotini. Na nikajua ninachopaswa kufanya, na sikutaka kukifanya.

Robe ile ninayo. Iko chini ya sanduku, imekunjwa ndani ya foronya. Ni kitu pekee nilichobaki nacho kutoka miaka ile. Wengine wana picha. Mimi nina nguo ya mtoto yenye ndege wanaoanguka. Nikiifumua sitaipata tena, kwa sababu nguo iliyofumuliwa ni kitambaa tu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeniambia bila aibu: kama unataka kumjua mama mudogo mpaka uweze kumvalisha, huwezi kumjua kwa penseli. Fungua kitu alichokifunga yeye.

Nikamwambia mwenzangu. Akaweka chaki chini.

"Na kama ndani hamna kitu?"

"Basi nitakuwa nimepoteza robe, na yeye ataenda sokoni."

"Ee mama," akasema. Halafu akafanya jambo la rafiki: alinisogezea taa, akaenda kushona mikanda ya watu upande wa pili, mgongo kwangu, ili nisitazamwe.

Nilianza na pindo. Lilikuwa limekunjwa mara kadhaa juu ya lenyewe, na kila kunjo lililofunguka lilitoa kijani ambacho nilikuwa nimekisahau, kijani cha sombe, majani ya muhogo, baada ya mvua. Nikaingia mbavuni. Mshono ulikuwa mrefu, mlegevu, ule tunaoshona tunapojaribisha nguo tu, ule usiokusudiwa kudumu. Nikashangaa. Mama mudogo hakuwa mtu wa kushona ovyo. Nikafumua yale makunyanzi. Ndani yake kitambaa kiliendelea, kikaendelea, hakikuisha. Nikatafuta mahali alipokata. Hakukata. Nikatafuta mshono wa bega niufungue.

Hapakuwa na mshono wa bega.

Nikaitandaza juu ya meza, ikafunguka yote, kutoka ncha hadi ncha, kikwembe kizima. Alikuwa amekikunja begani tu, akatoboa shingo ndogo katikati, na kila kilichozidi akakificha ndani kwa uzi wa kuazima. Ukikunja hivyo bila kukata, ndege wa mbele watapanda na wa nyuma lazima wawe vichwa chini. Haikuwa giza. Hakukosea. Alikuwa amenivalisha kikwembe cha harusi yake bila kukikata, kwa sababu aliamini vita vitaisha kesho kutwa, nami nitapata nguo nyingine, naye atakifungua na kuolewa nacho.

Halafu nilikua, akateremsha pindo, nikakua tena.

Katikati ya kijani kile palikuwa na umbo lililopauka la robe ndogo, mahali jua lilipofika: mabega yangu, kifua changu, mgongo wangu. Pembeni yote rangi ilikuwa mpya. Nililia kidogo, sitaficha. Mwenzangu hakugeuka, ila mashine yake ilisimama.

Lakini machozi hayakunizuia kuona. Niliiona robe yote, kama ninavyoonaga, kutoka mwisho kuja mwanzo.

*

Mama mudogo alikuja kujaribu siku ya jua. Nilimvalisha kwanza sketi ndefu ya danteli nyeupe na mikono yake. Akajitazama.

"Ni nzuri," akasema kwa adabu, kama mtu anayesifu chai isiyo na sukari.

"Fumba macho, mama mudogo."

Nikachukua kikwembe. Sikuwa nimekikata. Nilikuwa nimepanua tu ile shingo yake, mpaka kichwa cha mtu mzima kipite, na kuizungushia ukanda wa danteli. Nikamvisha kwa juu kama alivyonivisha mimi, kikunjo begani, upana wote wa kitambaa ukamwagika mikononi na kufika mapajani. Umbo la robe ndogo lililopauka likamkaa kifuani, na lile la nyuma mgongoni.

Akafumbua macho. Vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye shingo ya nguo, vikaizunguka kama vinaisoma.

"Uliifumua," akasema.

"Niliifumua."

"Nilikuambia usiguse."

"Uliniambia ni yako kufungua. Nimekufungulia."

Akashuka taratibu kwenye kiti cha wateja. "Nilijua vita itaisha," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule msichana wa nyuma ya mlango uliofungwa. "Kila siku nilikuwa nahesabia kesho. Halafu weye ulikuwa unakua, unakua kama muhogo! Nikasema, basi. Acha ikae ku mutoto. Nikamuambia muzee, harusi yetu inatembea mu barabara, inacheza kamba."

"Juu ya nini haukusema siku zote hizi?"

"Ningesema, haungeivaa." Akanitazama kwa yale macho yasiyoona tundu la sindano. "Na namuna gani ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa natafuta wazo."

Akacheka, polepole kwanza, halafu kwa ule mcheko wa kushika mbavu. "Nyuma-nyuma! Mimi nilisema! Mutoto huyu anabomoa kwanza." Akainuka, akasimama mbele ya kioo chenye ufa, akageuka kushoto na kulia. Safari hii hakukunja chochote ndani.

Tangu siku ile sichori tena milango. Mteja akitaka kitu kipya, namwomba kwanza aniletee kitu chake cha zamani, hata kilichochakaa, nikae nacho mlangoni na wembe wangu. Wengine wanadhani nawakejeli. Mwenzangu anawaeleza akiwa na chaki sikioni: "Mupatie tu. Ule njo namuna yake."

Siku ya harusi mvua ilingoja. Mama mudogo alitoka kanisani na muzee wake, watoto wao wakipiga vigelegele, na mimi nyuma nikiwa nimeshika ncha ya sketi ya danteli isiguse tope. Yule jirani wa zamani yuko hai bado, amezeeka, hana meno ya mbele. Aliusimamisha msafara mzima kwa fimbo yake.

"Ngojeni! Hii ninaijua! Mbele zinaruka, nyuma zinaanguka!"

Watu wakacheka. Mama mudogo akageuka nusu, mkono mmoja kwa mume wake, akaangalia mgongoni mwake mwenyewe kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Hazianguke, muzee," akamjibu yule jirani. "Zilichelewa tu. Zinatua sasa."

Akaendelea kutembea. Nami nikamfuata, nimeshika ncha yangu, na mbele yangu kulikuwa na koti la mume wake, koti kuukuu la kijivu, lenye mshono wa katikati ulioanza kufunguka kidogo. Kidole changu kilikuwa kimeshaupata mwanzo wa uzi.